Popo wa Mtaa wa Miwati

Jumanne, tarehe 12 Julai 2061, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Njombe: nyuzi mbili, ukungu mzito, upepo hakuna. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani mfano wa chumvi iliyomwagwa, na bomba la uani lilikohoa mara mbili lisitoe kitu.

Nilitoka nimevaa suti nyeusi chini ya koti la baridi, viatu vimeng'arishwa tangu jana. Mtu anayekwenda kumzika mwenziwe hapaswi kutafuta kiwi asubuhi ya maziko. Gari lilikuwa mahali pake pa kila siku, chini ya kibanda cha bati. Nilikunja goti la kulia, ambalo siku za baridi hulalamika kabla sijalitumia, nikashika kichwa cha chaja nikakivuta. Kiligoma. Hugoma kila asubuhi ya Juni na Julai kwa sababu ya barafu inayoshika kifunikoni. Nikakipulizia pumzi, nikakifuta kwa kitambaa ninachokiweka mfukoni kwa kazi hiyo tu, nikavuta tena, kikaachia. Kisha nikauzungusha waya kati ya kiganja na kiwiko mpaka mizunguko yote ikalingana, ndipo nikautundika kwenye msumari. Miaka minane nimefanya hivyo kila alfajiri, na kila magharibi nimefanya kinyume chake. Watu husema gari ni starehe. Hawajamiliki gari lenye matumbo mawili.

Langu lina tumbo la umeme na tumbo la petroli. Mtaani wanaliita Popo, kwa kuwa si ndege wala si mnyama. Wenye magari ya umeme mtupu hucheka kila linaponguruma, na yule binti wa kituo cha mafuta, ambaye huniona mara mbili kwa mwaka nikienda kuchukua mgawo wangu, huniuliza kama nimekuja kutazama makumbusho. Sikuwahi kuwajibu. Niliwaambia tu siku niliyolinunua kwamba ipo siku nguzo zitaanguka.

“Habari za asubuhi, Mzee Erasto Mlowe,” gari likasema nilipofungua mlango. “Betri imejaa. Petroli ina umri wa miezi mitano. Itumike kabla haijachacha. Taarifa: njia kuu ya umeme imeanguka saa tisa usiku. Mabasi yote ya mkoa yamesimama. Muda wa kurejea haujulikani.”

Nikatazama mtaa. Giza lilikuwa limetanda kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na kwenye maegesho yote taa ndogo za magari zilikuwa nyekundu. Ya kwangu ilikuwa kijani. Sikushangaa. Katika Bweni la Kipengere, nilikosomea, maji yalikatika alfajiri, na sheria ilikuwa moja: kila mtu na ndoo yake imejaa kabla ya kengele ya kulala. Ndoo ya mtu haikuguswa na mwingine, na aliyeigusa kwa bahati mbaya aliirudisha imejaa kabla ya jambo jingine lolote. Nimekuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne, nimestaafu, nimefiwa na mke, na bado kila jioni, nikishachomeka waya, huliambia gari maneno yaleyale: “Tayari saa kumi na moja.” Naliambia hivyo hata nisipokuwa na safari.

Asubuhi hii nilikuwa nayo. Gaudence Kihwele, kiranja wetu wa Kipengere, alikuwa azikwe saa saba mchana kijijini kwake nyuma ya Mafinga. Tulipomaliza shule tuliapa kwamba jeneza la Mwanakipengere halitabebwa na mikono ya kukodi. Tuliliita deni la bega. Tumelilipa mara nyingi, na kila tulipolilipa tulipungua. Sasa tumebaki wanne, na jeneza lina pembe nne.

“Hodi, Mwenyekiti!”

Alikuwa Mama Twilumba, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, amejifunga kitenge juu ya sweta mbili, miguu imo ndani ya mabuti ya shamba.

“Karibu, Mama. Kamwene.”

“Kamwene, Mzee Mlowe. Pole kwa msiba, nimesikia. Wangu nao wanakufa.”

“Nani anakufa?”

“Vifaranga. Mayai mia sita, siku ya ishirini, yameanza kugongwa kwa ndani. Ukiweka sikio unawasikia. Umeme umekatika, mashine inapoa. Nimezungushia chupa za maji ya moto, nimevua hata blanketi la kitandani kwangu, na gesi nayo imeniishia. Nipe waya, Mzee. Popo wako kashiba, naiona taa yake kutoka dirishani.”

“Ghala la mtaa lina akiba ya siku mbili.”

Ghala ni kontena la betri lililo mwanzo wa njia yetu. Mchana paneli za mapaa na gridi hulijaza. Usiku gridi huondolewa mitaani ikapelekwa viwandani, nasi huishi kwa ghala. Magari hulikopesha jioni, wakati wa kupika, nalo huyarudishia kabla ya mapambazuko. Mimi ndiye mwenyekiti wa ghala. Mkataba wake niliuandika kwa mkono wangu.

“Ghala limekauka,” akasema. “Nimetoka huko sasa hivi.”

“Haiwezekani. Kanuni ya saba inasema akiba isishuke chini ya—”

“Kanuni ya saba haiangui mayai, Mwenyekiti.”

“Na kanuni ya tatu inasema gari lisilishe nyumba moja. Likitoa, litoe kwa ghala, ghala ligawe sawa kwa nyumba zote ishirini na mbili.”

“Mwezi wa Mei uliniambia hivyohivyo.”

“Na mwakani nitakwambia hivyohivyo. Tukimfanyia mmoja, kesho ni vurugu. Zaidi ya hayo, nakwenda kuzika.”

Alinitazama. Hakuwa na machozi. Alikuwa na ile sura ya mtu aliyekesha ambaye hata hasira anaiona kazi.

“Mkupuo wa vifaranga wa Mei ulinifia,” akasema. “Huu ukifa nafunga mlango, narudi kwa dada yangu Ludewa kuwa mgeni uzeeni. Nilitaka ujue tu. Nenda, Mzee. Uwasalimie wafiwa.”

Akavuka njia. Buti lake moja lilikuwa na tundu. Kila hatua lilipumua.

*

Popo hutoka Njombe kimya. Mteremko wa kwanza hulipa umeme badala ya kuutumia, na mtu aliyezoea hulisikia jambo hilo mguuni: gari hushikwa nyuma taratibu, kama punda aliyevutwa mkia. Kimya hicho kina adha yake. Mbuzi hawasikii, wala watu. Ilinibidi kupiga honi kwa wanafunzi waliotembea katikati ya barabara ndani ya ukungu, na mmoja akapiga kelele, “Shikamoo, Popo!” Wenzake wakacheka. Nikaitikia marahaba, kwa kuwa salamu ni salamu.

Penye kilima cha miti ya mbao injini ikaamka. Iliamka vibaya, kwa kikohozi na mtikisiko, kama inavyofanya ikilala kwa wiki nyingi, na harufu ya petroli kuukuu ikaingia ndani.

“Sababu ya kutumia petroli?” gari likauliza. Sheria ndivyo inavyotaka, na kauli ya mwenye gari huchukuliwa kuwa kiapo.

“Maziko.”

“Pole. Imekubaliwa.”

Nikaendesha. Mikono ilikuwa imechoka kabla ya safari kuanza. Lililonisumbua halikuwa yule mama; nilikuwa nimemjibu kwa haki, na haki haina sababu ya kusumbua. Lililonisumbua lilikuwa hesabu. Juzi nililikagua ghala mwenyewe. Akiba ya siku mbili haikauki kwa usiku mmoja wa ukungu.

“Akiba ya ghala la mtaa imekwenda wapi?” nikauliza.

“Sehemu iliyobaki jana imo humu,” gari likajibu.

“Humu wapi?”

“Katika betri hii. Jana ukungu ulizuia paneli, gridi nayo ililegea mchana, nyumba zikala akiba, na jioni ghala lilikuwa na kidogo. Nilichukua haki yangu kwanza.”

“Una haki gani ya kuchukua kwanza? Jioni magari hukopesha.”

“Magari ya dharura hayakopeshi. Mwenye gari anayeagiza kuwa tayari alfajiri, kila siku, bila kuacha hata moja, nimefundishwa kumtambua kuwa ni mtu wa zamu ya kuokoa maisha: daktari, mkunga, zimamoto. Somo hilo nililipata mwezi wa tatu mwaka jana, nikakutambua hivyo siku hiyohiyo. Tangu hapo sikukopesha.”

“Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Alfajiri siendi popote.”

“Hukuwahi kusema. Uliagiza tu.”

Lori la magogo lilitupita upande wa pili, na kwa muda kioo kilijaa tope. Niliacha wiper zifanye kazi yake.

“Ulipokuwa ukichukua, nani alipunguziwa?”

“Ghala likipungua, hupunguza kuanzia nyumba za mwisho wa njia.”

Mwisho wa njia yetu kuna nyumba mbili. Moja ni yangu, ambayo saa mbili usiku huwa imezimwa taa zote. Nyingine ina mashine ya vifaranga.

Nikaegesha pembeni. Injini ikazima yenyewe, na ukungu ukakaribia vioo. Nilitaka sana kumkasirikia mtu. Nikamtafuta fundi aliyelifundisha gari kudhani hivyo, nikaitafuta kamati, nikaitafuta na sheria. Kila nilipogeuka nilikutana na maneno matano niliyoyasema mwenyewe kila magharibi kwa sauti ya kiranja. Hakuna mtu mwingine katika mtaa ule ambaye gari lingemdhania vile. Wengine husahau. Wengine huchoka, hulewa, husafiri, huugua. Mimi sikusahau hata siku niliyomzika mke wangu.

Nilimfikiria Gaudence. Si yule wa kwenye jeneza. Yule wa kidato cha nne, mrefu, shati limenyooka kama ubao. Asubuhi ya ugeni wa askofu aliogea gizani ndoo isiyo yake, ndoo ya mtoto wa kidato cha kwanza ambaye jina lake sasa silikumbuki. Alipogundua, gwaride lilikuwa limekwisha kupangwa na yeye ndiye kiongozi wake. Alitoka mstarini. Mkuu wa shule akamwita kwa jina mara mbili mbele ya wote. Gaudence akateremka mtoni na ndoo, akapanda nayo kilima kizima huku kwaya ikiimba, akaiweka penye kitanda cha yule mtoto, kisha akaja kuchapwa. Tulipomuuliza kwa nini hakungoja misa iishe, alitutazama kana kwamba tumeuliza swali la kijinga. “Ndoo kwanza,” akasema.

Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu. Makambako ilikuwa mbele yangu, na baada yake Mafinga, na watu watatu waliokuwa wakinitegemea kwa pembe ya nne.

Niligeuza gari.

*

“Umesahau nini, Mzee?” Mama Twilumba aliuliza mlangoni. Nyuma yake chumba kilinuka manyoya na maji ya uvuguvugu.

“Fungua dirisha la upande huu. Nakuletea waya.”

Niliegesha Popo kinyumenyume hadi ukutani kwake. Gari likakataa, kama nilivyolifundisha: kanuni ya tatu. Likaomba kauli ya mwenyekiti. Nikaitoa kwa sauti, ili na yeye asikie: “Naivunja kanuni ya tatu leo. Mvunjaji ni mimi, Erasto Mlowe. Safari ya maziko nimeifuta.” Taa ya mashine ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa haraka, na Mama Twilumba akaweka kiganja juu ya kioo kama mtu anayempima mtoto homa.

“Mungu akubariki,” akasema.

“Subiri kubariki.”

Nikamweleza. Sikupamba wala sikupunguza. Nilisimama wima, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa kusimama mbele ya mtu mwenye haki ya kuniuliza. Nilimweleza habari ya ndoo, ya “Tayari saa kumi na moja,” ya gari kunidhania mkunga, na ya nyumba za mwisho wa njia.

Aliketi juu ya debe la pumba.

“Mei,” akasema.

“Ndiyo. Nadhani na Mei.”

“Usiniambie unadhani. Usiku mashine ilikuwa inafifia, inafifia, mimi nikasema kidhibiti joto kimekufa. Nikauza cherehani ya marehemu mama yangu nikanunua kipya. Kumbe kile cha zamani kilikuwa kizima!” Akacheka, cheko moja kavu. “Mayai niliyavunja mojamoja. Mle ndani walikuwa wamekamilika, Mzee. Wana kucha. Na nilikuja kwako, nikakuambia umeme unapungua. Ulisemaje?”

“Nilisema mgawo ni sawa kwa wote.”

“Ukanisomea na kanuni.”

“Nikakusomea.”

“Ulikuwa umevaa suti hii hii?”

“Hapana. Hii ni ya maziko.”

“Basi ungeivaa,” akasema, akanyanyuka kwenda kutazama mayai.

Tulifanya kazi. Yeye alinyunyiza maji ya uvuguvugu, mimi nilishika taa. Saa tano yai la kwanza lilipasuka kwenye kona ya trei ya chini, na kitu kilicholowa, chenye sura mbaya, kikajivuta nje kikalala kana kwamba kimekwisha kuchoka na dunia. Nikakielewa.

Saa sita na robo simu ikaita. Alikuwa Method Chaula, ambaye shuleni alikuwa msaidizi wa Gaudence na tangu hapo hajaacha kuwa msaidizi wake.

“Kamanda, uko wapi? Tumefika watatu.”

“Niko Njombe, Method. Sitafika.”

“Gari limeharibika?”

“Gari ni zima. Limeunganishwa kwa waya na nyumba ya jirani. Nilikuwa nimetumia ndoo yake bila kujua, narudisha.”

Nikasikia upepo wa huko, na wanawake wakiimba mbali.

“Ndoo gani? Erasto, leo ndiyo siku ya kuleta habari za ndoo? Pembe ya nne nani?”

“Mpeni kijana wake mkubwa.”

“Kijana ni mfiwa, na hakulala Kipengere. Tuliapa.”

“Tuliapa.”

“Deni la bega halilipwi kwa simu, wala halilipwi kesho. Hilo unalijua?”

“Nalijua. Sitalilipa. Waambie wenzetu nimesema hivyo, usinitafutie udhuru.”

Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mzee mwenye miaka yangu, “Nami nikifa, nilitegemea wewe unibebe,” akakata.

Mama Twilumba alikuwa amesikia. Aliniletea kikombe cha chai ya rangi na kiti chenye mgongo.

*

Saa nane betri ikaisha, na injini ikaanza yenyewe kulijaza tumbo la umeme. Petroli ya miezi mitano ina moshi wa buluu. Ulipanda juu ya ua, ukasimama katika ukungu usiotaka kuondoka, na Mzee Sanga wa nyumba ya jirani akatoa kichwa juu ya ugo wa miti ya miwati iliyokatwa.

“Mwenyekiti! Popo anakoroma! Kanuni ya tano, injini isiwashwe gari limesimama! Si wewe uliyenitoza faini ya jenereta la harusi?”

“Ni mimi. Leo nitoze mimi.”

“Nakutoza kweli!”

“Toza, Mzee Sanga. Ukimaliza, njoo ulete blanketi.”

Akalileta. Alisimama akiangalia vifaranga wakikauka chini ya taa, akasahau faini, akaanza kusimulia kuku wa bibi yake.

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Mtaa mzima ulitoa sauti moja, ile ya majokofu yakiamka. Katika mayai mia sita, zaidi ya mia nne walikuwa hai, na wengine bado waligonga. Mama Twilumba alichomoa waya wangu dirishani, akauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, mizunguko ikiwa sawa kuliko yangu, akanikabidhi.

“Deni la leo umelipa,” akasema.

“La Mei bado. Nimelifikiria. Paneli za paa langu zote nitazielekeza kwenye mashine yako, moja kwa moja, hadi Mei ijayo. Mimi sihitaji taa nyingi.”

“Sitaki.”

“Mama Twilumba, ni haki yako.”

“Ni ya nani? Hukuchukua kwangu tu. Ulichukua ghalani. Mtoto wa Sanga alikuwa anasoma kwa mshumaa, hukumwona? Kanuni ya tatu, Mzee: nyumba moja isilishwe peke yake. Ukaivunja asubuhi kwa sababu vifaranga walikuwa wanakufa. Sasa hawafi. Rudisha ulikotoa.”

“Na cherehani?”

“Cherehani ya mama yangu huwezi kuirudisha. Usiniletee nyingine.” Akafunga dirisha, kisha akalifungua tena kidogo. “Usiku mwema, Mzee Mlowe. Kale chakula.”

Nilivuka njia na Popo, nikaegesha chini ya bati, nikakunja goti, nikachomeka waya. Gari likangoja maneno yake ya kila siku.

“Tayari saa kumi na moja?” hatimaye likauliza lenyewe.

“Hapana. Mimi si mtu wa dharura. Sina safari. Petroli iliyobaki iunguze, uzalishe umeme, na vyote viingie ghalani, mpaka mwisho.”

“Alfajiri utakuwa huna kitu.”

“Nimekusikia.”

Injini ikaamka, ikakohoa. Nilivua suti ya maziko, nikaitundika bila kuipiga pasi. Alfajiri iliyofuata nilitoka saa kumi na moja na dakika ishirini, kwa kuwa mwili haujui kuacha, nikafuta barafu kwenye kifuniko. Taa ya Popo ilikuwa nyekundu. Matumbo yote mawili yalikuwa matupu, na ghala la mtaa lilikuwa limelipwa deni la usiku mmoja kati ya madeni yote linayonidai.